Maharage ya Mama Yaliyokataa Kuiva

Mama yangu alikuwa na maharage yaliyojulikana. Sisemi hivyo kwa sababu ni marehemu. Kule kwetu Nkoaranga, kwenye mteremko ambao ukishuka na mzigo unashuka kwa visigino, majirani walikuwa wakija kumwomba mbegu. Yalikuwa mekundu yenye madoa meupe, na yaliiva upesi. Mama aliyabandika, akaenda kumkatia ng'ombe majani, na akirudi anakuta yako tayari.

Kwa hiyo siku yalipokataa kuiva, siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi lake, hakuna aliyeyashuku maharage. Tulimshuku mtu.

Mtu huyo alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pekee. Kaka anaendesha lori, na kwa mwezi analala nyumbani siku chache. Nyumba ya mama, ng'ombe, migomba, na mwishoni mama mwenyewe, vyote vilikuwa mikononi mwa wifi. Mimi naishi mjini, Sokon One, nafuma masweta ya shule kwa mashine. Nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo msomaji asitegemee maneno makubwa kwangu. Nitaeleza mambo kama yalivyokuwa.

Nilianza kumshuku wifi kabla ya maharage. Mwaka wa mwisho wa mama, kila nilipopanda kumwona nilikuta bakuli la uji kwenye kigoda pembeni ya kitanda, limefunikwa na sahani, halijaguswa.

"Amekula?" nauliza.

"Amekula kidogo asubuhi," wifi anajibu. "Huu ameukataa."

Mama anageuza uso ukutani. Daktari alikuwa ametuambia kwamba figo zimechoka, na kwamba mgonjwa wa figo anapoteza hamu ya chakula. Nilimsikia vizuri, nilikuwa nimekaa mbele yake. Hata hivyo siku moja wifi alipotoka kuchota maji, nilifunua lile bakuli nikanusa. Halafu nikachovya ncha ya kidole nikaonja. Ulikuwa uji wa ulezi wenye sukari kidogo. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilijiambia kwamba siku ile ndiyo hakuweka kitu.

Nilikuwa napanda mara moja kwa mwezi, wakati mwingine hata mwezi ulipita. Mama alifariki siku ya Jumanne, mimi nikiwa kwenye mashine. Aliyekuwa amemshika mkono ni wifi.

Baada ya maziko ndugu waligawana nguo zake. Shangazi yangu, dada yake baba, alichukua vitenge viwili na sweta nililomfumia mama mwenyewe. Mimi niliomba maharage. Yalikuwa yamebaki kwenye pipa, ya mavuno yake ya mwisho aliyoyapanda akiwa bado anainama mwenyewe. Nilijaza ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nikaja nayo mjini.

Sikuyapika. Jiko langu ni kibanda cha mabati kilichoegemezwa ukutani, na juu ya jiko la mkaa kuna ubao ambao panya hawaufikii. Ndoo nikaiweka pale. Mchana bati la kibanda kile huwezi kuligusa, na wakati wa masika ukichemsha maji linatoa jasho mpaka linadondosha. Ndoo ilikaa pale miaka miwili. Jioni nyingine nilikuwa nafungua mfuniko, naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, naacha punje zipite kati ya vidole, nafunga. Nilijua kwamba nikiyapika yataisha.

Kisha kaka akapata saruji na vigae, na ikapangwa siku ya kuweka msalaba. Shangazi ndiye mwenye jiko katika ukoo wetu. Harusi, msiba, kipaimara, yeye ndiye anayesema nani alete nini na nani ashike mwiko. Alituma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha ukoo. Wifi alete maharage, mimi nilete mchele na mafuta.

Niliposikia hivyo nikaiangalia ile ndoo. Nikawaza kwamba mama awalishe watu mara moja ya mwisho. Wazo hilo lilikuwa zuri. Jinsi nilivyolifanya ndiyo haikuwa nzuri.

Nilifika Nkoaranga Ijumaa mchana. Nyuma ya jiko nilikuta beseni kubwa, wifi ameshaloweka maharage yake, ya mbegu ileile ya mama. Yeye mwenyewe alikuwa ameteremka shambani. Nilimwaga ndoo yangu yote ndani ya beseni lile, nikaongeza maji, nikachanganya kwa mkono. Ndoo tupu nikaiegemeza nyuma ya banda la ng'ombe. Wifi aliporudi tukasalimiana, akanipa chai, na sikumwambia. Ningemwambia, angenishukuru mbele za watu, na ingekuwa sufuria yake yeye, mimi nimemsaidia tu. Sikutaka anishukuru. Nilitaka mama alishe watu bila jina la wifi kuwekwa hapo.

Kesho yake alfajiri moto uliwashwa, kuni za mgrevilea zilizokauka vizuri. Saa mbili asubuhi shangazi akafunua sufuria, akachota kwa mwiko, akabonyeza punje kwa kidole gumba. Moja ikasagika. Nyingine ikaruka ikaanguka majivuni.

"Ongezeni kuni," akasema.

Saa nne akafunua tena. Mengine yalikuwa yamepasuka, yanafanya rojo. Mengine yalikuwa mazima, yanang'aa, kana kwamba ndiyo kwanza yameingia majini.

"Haya nini haya?" mama mmoja jirani akauliza. "Nusu ubwabwa, nusu kokoto."

"Kokoto hasa. Zile za barabara ya Olasiti."

"Mtu kayasomba kwa tipa!"

Wakacheka, lakini shangazi hakucheka. Akatia magadi, kipande cha kutosha ng'ombe kulamba. Mchuzi ukawa mweusi na ukaanza kunuka sabuni. Yaliyokuwa laini yakayeyuka kabisa. Magumu yakabaki yanagonga ukingo wa sufuria kila mwiko ulipopita.

Ibada ikaisha, mchungaji akaketi, watu wakapakuliwa. Hakuna namna, watu wametoka mbali. Nilisimama karibu na meza nikaona mzee mmoja akiyatoa mdomoni moja moja na kuyapanga ukingoni mwa sahani.

"Mzee, hujapenda chakula?" jirani yake akamuuliza.

"Nimekipenda. Ila meno yangu haya yaliyoharibiwa na maji ya Arusha, yenyewe yameshakuwa kahawia, usiyaongezee kazi ya kuvunja mawe."

Jikoni shangazi alikuwa amejishika kiuno. "Nimepikia misiba tangu sijaota mvi," akasema. "Kuni nzuri, maji ya chemchemi, yamelowekwa usiku kucha. Maharage hayafanyi hivi yenyewe. Ya nani haya?"

"Ya kwangu, shangazi," wifi akasema.

Alisema hivyo, kisha akanitazama. Mara moja tu, akashusha macho. Mimi nikaangalia sufuria.

Nieleze nilichokuwa nawaza wakati ule, maana sikuwa nimejua halafu nikaficha. Sikujua. Maharage ya mama yasingeweza kuwa mabaya, hilo kwangu lilikuwa kama kusema maji yamepanda mlima. Niliona nusu laini na nusu mawe, na moyoni nikagawanya hapo hapo: laini ni ya mama, mawe ni ya wifi. Nikaona kwamba ameleta kitu kibaya kwenye kaburi la mama, ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimlisha mwishoni. Na lile jicho alilonitupia nikaliona kuwa jicho la mtu aliyekamatwa.

Akina mama wakaanza kusemezana. Mmoja akasema sufuria ya msiba ikigoma, marehemu ana neno. Mwingine akauliza kwa sauti ya chini, nani alikuwa anampikia mwisho mwisho? Wifi alikuwa ametoka kupeleka maji kwa wageni. Hapo mimi nikafungua mdomo.

"Hata uji," nikasema, "mama alikuwa anaukataa."

Ilikuwa kweli. Mama alikuwa anaukataa uji. Sikuongeza neno. Nilirudi kwenye vyombo, na nyuma yangu nikasikia anayekata kabeji ameacha kukata.

Baada ya siku ile kukawa na mambo madogo madogo. Kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu, wifi alifika na ndizi zake, zikapokelewa, zikawekwa pembeni, akarudi nazo. Kwenye msiba mwingine alipewa kazi ya kupanga viti. Hakuna aliyemwambia neno. Niliyasikia hayo kwa simu nikiwa Sokon, na sitasema kwamba nilisikitika. Nilisema moyoni, kumbe na wengine wanaona.

Halafu ikaja habari ya kipaimara. Binti wa wifi, mtoto wa kaka yangu, alikuwa amemaliza mafundisho. Kwetu siku hiyo mama wa mtoto ndiye anayebandika sufuria ya kwanza. Anabandika, anakoroga mara moja, halafu wengine wanaendelea. Ni jambo dogo, lakini mtoto anasimama pale anaona, na wanawake wote wanapiga vigelegele. Shangazi akatuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi:

"Mwaka huu mama wa mtoto atakaa na wageni, apumzike. Jiko litakuwa kwangu. Anayehusika ameelewa."

Kaka alinipigia akiwa njiani. "Dada, wamemwambia mke wangu hashiki mwiko siku ya mtoto wake. Mtoto ameuliza kwa nini. Nimjibu nini?"

"Sijui," nikasema. "Kamuulize shangazi."

Mimi nilipangiwa tena mchele, na safari hii maharage pia. Ndivyo nilivyokwenda sokoni Kilombero, kama wiki moja kabla ya siku yenyewe, nikiwa na nia ya kutokubali kudanganywa. Wauza maharage nawashuku siku zote. Wanachanganya ya zamani na mapya, juu mapya, chini ya zamani. Nilifika kwa mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, nikaingiza mkono mpaka chini ya gunia lake, nikatoa punje, nikazigeuza kwenye mwanga.

"Mama, mbona unayakagua maharage yangu kama askari wa barabarani?"

"Mnachanganya ya zamani."

"Wengine. Mimi nikichanganya utaniona tu. Njoo." Akachukua punje moja ya gunia lake akaiweka kwenye kiganja changu. Kisha akainama chini ya meza, akatoa kopo, akaweka nyingine kando yake. "Hii madoa yake meupe, si ndiyo? Mpya. Na hii?"

Madoa ya ile ya pili yalikuwa kahawia, kama chai yenye maziwa kidogo.

"Hii nawapa kuku, nikiisha kuisaga. Imekaa. Na haikukaa tu, ilikaa kwa jirani yangu kwenye stoo ya bati. Maharage yakikaa kwenye joto na jasho jasho la mvua, yanafunga. Uyaloweke, uyatie magadi, uyaombee, utamaliza mkaa wako."

"Hata kama ni mbegu nzuri?"

"Mbegu nzuri ndiyo nini? Hata mimi nilikuwa mzuri." Wenzake wakaangua kicheko. "Niweke chini ya bati miaka miwili uone kama kuna atakayenioa!"

Sikucheka. Nilikuwa naitazama ile punje ya kahawia. Nilinunua maharage yake, nikaondoka, na njiani nikawa namshuku na yeye pia. Nilijiambia kwamba wafanyabiashara wanasema lolote ili wauze ya leo.

Lakini nyumbani kulikuwa na kikombe. Siku nilipokwenda kumwaga ile ndoo kwa wifi, nilikuwa nimebakiza kikombe kimoja cha maharage ya mama, kikawa kwenye kopo, juu ya ubao uleule. Nilikishusha. Nikamwaga kidogo kwenye ungo, nikaweka ya sokoni pembeni.

Madoa ya mama yalikuwa kahawia.

Jumapili baada ya ibada niliwasha majiko mawili. Nilikuwa nimeloweka usiku nusu ya kile kikombe kwenye bakuli moja, na ya sokoni kwenye bakuli lingine. Maji yaleyale ya bomba, mkaa uleule, sufuria mbili zinazolingana. Chumvi sikutia. Baada ya saa moja na nusu ya sokoni yalikuwa yanabonyezeka. Ya mama hapana. Nikasema labda jiko lile la pili halina moto, nikabadilisha sufuria. Nikasema labda mfuniko unavuja mvuke, nikabadilisha mifuniko. Nikaongeza maji ya moto kutoka birika moja kwenye sufuria zote mbili ili maji yasije yakawa na kisingizio. Jirani yangu alipita akaniuliza kama nina wageni, maana anaona nahangaika na majiko. Nikamwambia hapana, napika tu.

Saa tisa mchana ya sokoni yalikuwa yamekuwa uji. Nilichukua punje ya mama, nikaipasua kwa kisu. Ganda limekunjamana, na ndani katikati kulikuwa kugumu, kama chaki. Nikatafuna. Nikatafuna nyingine. Hakukuwa na kitu kingine cha kushuku mle jikoni. Nilitazama juu kwenye ule ubao, na bati lilikuwa linatoa jasho.

Nilikuwa nimeyatunza. Hilo ndilo lililonikalisha chini. Wifi angeyachukua yeye, angeyapika yangali mazuri, watoto wangekula, na mengine angeyarudisha ardhini. Mimi niliyaweka juu ya moto miaka miwili kwa sababu nampenda mama, halafu nikayamwaga kwenye sufuria ya mtu mwingine, halafu nikasimama pale nikasema habari za uji.

Jumatano nilipanda Nkoaranga. Nilimkuta wifi nyuma ya banda anakatakata mgomba kwa panga kwa ajili ya ng'ombe.

"Karibu, wifi."

"Ahsante. Za hapa?"

"Nzuri tu." Hakuacha kukata.

"Nimekuja kwa ajili ya yale maharage."

"Yapi?"

"Unayajua."

"Nayajua. Nataka uyataje wewe."

Nikayataja. Nilimweleza ndoo, beseni, bati, majiko mawili. Nilipomaliza alichoma panga ardhini.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri ileile. Mimi beseni langu nililijaza maharage yakafika kwenye lile ua lililochorwa ndani yake. Alfajiri nakuta ua limezama kabisa. Nikasema maharage yanavimba, sawa, lakini tangu lini yanazaa? Nikamulika na simu, naona mengine kahawia. Nikaja huku kumkamua ng'ombe, nikaikuta ndoo yako."

"Kwa nini hukuyatoa?"

"Nichambue sufuria ya kijiji kizima punje moja moja kwa tochi ya simu? Na ningeyatoa kwa nini? Yalikuwa ya mama. Na mimi nilijua yataiva."

"Na shangazi alipouliza ni ya nani?"

"Ningesema nini? Siku ya msalaba wake, niseme maharage ya marehemu mabovu? Au niseme binti yake kayaleta kwa siri? Wewe ulikuwepo, umesimama hatua mbili. Nilikutazama."

"Nilikuona."

"Basi."

Ng'ombe alikuwa anavuta vipande vya mgomba kwa ulimi. Nikamwambia anisamehe. Akachomoa panga lake.

"Usiniombe msamaha nyuma ya banda, wifi. Wewe hukunisema nyuma ya banda. Yale maneno ya uji uliyasema jikoni, wanawake wote wanasikia. Walikuja kuniambia kabla sufuria haijaoshwa. Kaseme mbele yao walewale."

Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara, wanawake walikuwa uani kwa shangazi wanachambua mchele na maharage. Nikamwamkia shangazi, "Shikamoo." Akaitikia, akanionyesha kigoda. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, na sikusema vizuri, maana si mzoefu. Nilisema yale maharage magumu ya siku ya msalaba yalikuwa yangu, niliyamwaga mimi, na yalikuwa ya zamani. Wifi hakuhusika.

Shangazi akaweka ungo chini. "Amekulisha nini huyo wifi yako?"

"Hajanilisha kitu."

"Jumatano ulikuwa kwake. Tumekuona ukipita. Leo unakuja unajibebesha makosa yake."

"Wameshapatana," mama mmoja akasema. "Sasa sisi ndio wabaya."

"Maharage ya wifi yangu hayajawahi kugoma," shangazi akasema. Nikakumbuka kwamba mama alikuwa wifi yake yeye. "Nimeyala miaka arobaini. Useme kitu kingine."

Nililitegemea hilo, kwa sababu hata mimi sikuamini mpaka nilipotafuna. Nikatoa kopo. Ndani ilikuwa ile nusu kikombe iliyobaki, nimeiloweka tangu usiku.

"Haya ndiyo ya mwisho," nikasema. "Yapike wewe, shangazi. Maji ya hapa, kuni za hapa, mwiko wako. Na haya ya kwako uliyoyaloweka kwa chakula cha leo, uyaweke kwenye sufuria nyingine. Mimi sigusi."

"Leo tunaendesha kesi ya maharage," mmoja akasema, na wakavuta vigoda karibu na moto.

Tulikaa pale kama saa mbili. Hakuna aliyeondoka. Wakachambua mchele wote, wakamenya vitunguu vya kesho, na macho yanarudi kwenye ile sufuria ndogo. Ya shangazi yakaiva. Akachota ya mama, akapuliza, akatia punje moja kati ya meno ya mbele. Sote tukasikia ikilia. Akaitemea kwenye kiganja, akaitazama. Akachukua nyingine.

"Ni yake kweli haya?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Ni yake. Mimi ndiye niliyeyaharibu, kwa kuyaweka juu ya jiko."

Akauweka mwiko kando. Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa, maana maharage yalikuwa sehemu rahisi.

"Na uji?"

Wanawake wote waliniangalia. Ningeweza kusema kwamba sijui, na wangeniachia hapo.

"Uji niliuonja," nikasema.

"Uliuonja?"

"Siku moja alipotoka kuchota maji. Niliunusa, nikauonja kwa kidole. Ulikuwa uji wa ulezi na sukari. Mama aliukataa kwa sababu ya figo, daktari alituambia. Nilijua hivyo siku ile nilipoyasema yale maneno kule jikoni."

Mtu mmoja akasema "Yesu wangu," polepole. Shangazi alizitupa zile punje mbili motoni. Alikaa akichokoa kuni ambazo hazikuhitaji kuchokolewa.

"Nendeni mkamwite mama wa mtoto," akasema mwishowe.

Wifi alikuja amejifunga kanga kiunoni, mikono ina maji ya kuoshea vyombo. Akawaamkia wakubwa. Shangazi akamwambia kwamba kesho saa kumi na mbili asubuhi aje abandike, asichelewe. Wifi akasema, "Sawa, shangazi." Kisha akainama juu ya ile sufuria ndogo.

"Ya nani haya?" akauliza. Aliuliza kwa sauti, wote wasikie.

"Ya kwangu," nikasema.

Akaibeba kwa vipande vya kitambaa, akaenda nayo mpaka kwenye shina la mgomba ulio karibu, akamwaga, akasukuma majani makavu juu yake kwa mguu. Nilitaka kumwambia aniachie hata punje moja. Sikumwambia.

Jumapili alibandika sufuria ya kwanza, akakoroga mara moja, na binti yake amesimama pale na gauni lake jeupe amelikunja mkononi lisiguse majivu. Vigelegele vilipigwa. Vya wengine vilikuwa vya nguvu, vya wengine vilikuwa vya adabu tu. Mimi nilipangwa kwenye kuosha vyombo, na nikaosha.

Wifi hajaniambia kwamba amenisamehe. Siku ile, wageni walipopungua, alinipelekea sahani ya wali na maharage pale kwenye mabeseni, akaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaondoka bila kusubiri. Nilifuta mikono, nikaketi, nikala mpaka ikaisha.